Sugu Mbili

Nilikwenda Stockholm kusomea mwanga, katika mji ambao mwezi Desemba jua linachungulia kidogo, linaona baridi, linarudi ndani. Watu wa nyumbani walipouliza kwenye simu ninasoma nini hasa, nilisema ninasoma kusafisha maji kwa taa, na wao wakanyamaza kwa adabu. Mjomba wangu peke yake ndiye aliyesema alichofikiri. Alisema kwao maji husafishwa kwa kuchemshwa, na kuni bado zipo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Tulikuwa na bamba la kioo lililopakwa unga mweupe wa titani, ule ule unaotiwa kwenye rangi za ukutani na kwenye dawa ya meno. Bamba lilizamishwa ndani ya chombo cha maji, na juu yake tukawasha taa ya zambarau ambayo hatukuruhusiwa kuitazama bila miwani. Mwanga ukilipiga bamba, elektroni zinaruka kutoka mahali pake na kuacha matundu, na matundu hayo yana njaa. Yanayanyang'anya maji elektroni zake, na maji yaliyonyang'anywa yanageuka kuwa kitu kikali kinachounguza ngozi ya bakteria. Shida ni kwamba elektroni zina tabia ya mbuzi aliyeuzwa: ukilegeza kamba tu, anarudi kwa mwenyewe wa zamani. Ndiyo maana tuliunganisha bamba na waya na kupitisha umeme mdogo, kama wa betri za tochi, uzivute elektroni upande wa pili zisirudi tena.

Maji yalitoka kwenye mfereji wa majitaka wa hospitali. Ndani yake waliishi bakteria ambao dawa za kawaida zilishashindwa kuwaua. Profesa wangu, Mswidi mrefu aliyeongea polepole, alipenda kusema kwamba bakteria anaweza kujifunza ujanja dhidi ya dawa lakini hawezi kujifunza ujanja dhidi ya kuungua. Ndoto yake ilikuwa siku moja taa iondolewe, na kazi ifanywe na jua lenyewe kwenye hospitali za nchi kama yangu. Akishasema hivyo aligeukia dirishani, theluji inaanguka, na mimi nilijizuia nisicheke.

Kwa Kiswahili cha vitabuni, bakteria wa aina hiyo tunawaita bakteria sugu. Nililitumia neno hilo miaka mingi bila kulitazama vizuri.

Nilikuwa nimepanga chumba Rissne, kitongoji cha pembeni mwa mji, kwa mama mmoja wa Kirundi. Nilimwita Mama tu, kama walivyomwita watu wote. Alikimbia kwao akiwa msichana, akaishi miaka mingi kwenye makazi ya wakimbizi magharibi mwa Tanzania. Huko alilima, akajifunza Kiswahili, akazaa binti mmoja, akafiwa na mume. Kisha wakaletwa Uswidi, binti akiwa bado mdogo. Mama akaacha jembe akashika fagio la maji, akawa anasafisha ofisi za watu mjini. Nilipoingia nyumbani kwake alinishika mikono yote miwili kunikaribisha, na nilihisi viganja vyake kabla sijaiona sura yake vizuri. Vilikuwa vigumu, vina sugu chini ya kila kidole. Nyingine ni za jembe, aliniambia, na nyingine ni za Uswidi.

Binti yake alikuwa ameolewa, akiishi Jakobsberg, kitongoji kingine. Alikuwa mjamzito wa mimba ya kwanza. Mama aliongea naye Kirundi au Kiswahili, yeye akajibu Kiswidi, na mazungumzo yakaenda vizuri kabisa kwa njia hiyo. Habari ya mimba ilipotoka, Mama alinunua beseni la plastiki la kuogeshea mtoto, akanipa nimtunzie chumbani kwangu, kwa sababu chumbani kwake lingemfanya asilale kwa furaha. Kwao, kama kwetu, bibi ndiye anayemwogesha mtoto mchanga. Anampimia maji kwa kiwiko, anamnyoosha viungo, anamwambia maneno ambayo mama mtu bado hajayajua. Mama mwenyewe aliogeshwa hivyo, lakini binti yake alizaliwa kambini na hakukuwa na bibi wa kumwogesha. Deni hilo, alisema, atalilipa kwa mjukuu.

Kisha kaka yake akafa Bujumbura, akaenda kumzika. Akiwa huko aliteleza, akavunjika mguu, akalazwa. Aliporudi Stockholm akaenda hospitali mguu utazamwe, na huko wana desturi: mtu yeyote aliyelazwa nje ya nchi wanampitishia pamba puani na kooni kabla ya mambo mengine. Akaitwa tena kupewa majibu. Hakutaka niende naye. Alipoulizwa anataka mkalimani wa lugha gani, hakusema Kirundi, maana Warundi wa Stockholm wanafahamiana wote, na mkalimani wa leo ndiye mtakayeketi naye kanisani Jumapili. Akasema Kiswahili. Wakampigia mkalimani kwa simu, mtu asiyemjua wala kumwona, sauti tu inayotoka kwenye kisanduku juu ya meza.

Alirudi nyumbani. Nilimuuliza habari za mguu, akasema mguu mzima.

Tangu siku hiyo mambo madogo yakabadilika. Kikombe chake kikahama kabatini, kikakaa peke yake dirishani. Taulo lake likahamia chumbani kwake. Jioni nilisikia sauti bafuni, sauti ya kusugua, ndefu na ya taratibu, nikadhani anafua nguo nzito.

Jumapili tulikwenda Jakobsberg, ambako waumini wetu walikodi ukumbi mdogo karibu na kituo cha treni: Warundi wengi, Wakongo, sisi Watanzania wachache. Baada ya ibada tulikuwa tunakula pamoja, na ingawa bomba lilikuwa pale pale nyuma ya mlango, tulinawa kwa jagi na beseni kama nyumbani. Kazi ya kumwaga maji ni ya vijana, lakini Mama aliichukua zamani kwa ubishi wake, ingawa kwa umri wake yeye ndiye angemwagiwa. Alipita kwa kila mtu, akamtazama usoni akimmwagia. Alisema kwa njia hiyo anajua nani hakulala na nani ameachwa.

Jumapili hiyo hakuligusa jagi. Aliketi karibu na mlango akiwa amevaa glavu za sufu ndani ya ukumbi wenye joto, na watu walipokuja kumsalimia aliinamisha kichwa bila kutoa mkono. Chakula akasema ameshiba. Nilisikia wanawake wawili nyuma yangu wakiulizana ni nani amemuudhi. Mmoja akasema Mama ana kinyongo na binti yake. Binti alikuwa ameketi upande wa pili wa ukumbi, mikono juu ya tumbo, akitazama sakafu.

Kwenye treni ya kurudi nilimuuliza moja kwa moja. Mimi si mtu wa kuzunguka, na kwa hilo nimewahi kupoteza marafiki.

"Mama, kuna nini?"

"Hakuna."

"Basi vua glavu."

 Akavua ya kulia, kidole baada ya kidole, na sufu ilikuwa imegandamana na ngozi. Kiganja kilikuwa kidonda kitupu. Mahali palipokuwa na sugu palikuwa pekundu na pabichi, na mahali pengine panatoa maji. Niliuliza nani kamfanyia hivyo, swali la kijinga, ndilo lililonijia.

"Nimeziondoa mwenyewe," alisema. "Kwa lile jiwe la kusugulia visigino. Daktari alisema nina vijidudu sugu. Mkalimani alirudia mara mbili, nikasikia vizuri. Vijidudu sugu. Nikamuuliza vinatoka? Akasema vigumu, lakini usafi wa mikono ni muhimu sana." Akanionyesha mkono kama anayemwonyesha mtoto. "Sugu si hizi?"

 Nataka kusema kwamba nilimhurumia kwanza, lakini kilichokuja kwanza kilikuwa hasira. Niliwakasirikia wale waliokaa mahali fulani kwenye meza safi wakachagua neno hilo, ilhali kila mkulima anayesema Kiswahili ana sugu mkononi mwake. Nilimkasirikia mkalimani wa kwenye kisanduku, ambaye hakukosea hata neno moja. Huruma ikaja baadaye, tuliposhuka Rissne na Mama akashindwa kushika kitasa cha mlango wa nyumba yake.

Nilimfunga mikono kwa bandeji, nikaketi naye jikoni.

"Mama, umeshasikia watu wakisema mwizi sugu?"

"Ego, ndiyo. Yule aliyefungwa akatoka, akafungwa akatoka."

"Ndiyo sugu aliyoisema daktari. Ni vijidudu vilivyozoea dawa. Umevipata hospitali kule. Vinakaa puani, vinakaa kwenye ngozi, na wewe huumwi. Sugu za mikono hazihusiki kabisa."

Alifikiri.

"Kwa hiyo mimi nimemficha mwizi nyumbani."

"Bila kujua."

"Aliyeficha mwizi bila kujua bado ana mwizi nyumbani," alisema. 

Hapo akaniambia kilichokuwa chini ya yote. Alimweleza binti yake majibu ya hospitali kwa simu. Binti alisoma mambo kwenye mtandao, usiku kucha labda, na asubuhi akampigia akasema, kwa Kiswidi, asimguse mtoto akizaliwa. *Du får inte röra henne, mamma.* Usimguse. Hakusema kwa ubaya, alisema akilia. Lakini alisema. Ndipo Mama alipochukua jiwe. Alihesabu kwamba mpaka mtoto azaliwe sugu zitakuwa zimekwisha, na vijidudu vitakuwa vimekosa mahali pa kukaa.

"Wewe unaua vijidudu hivyo hivyo," alisema ghafla. "Si ndiyo kazi yako? Hiyo taa. Nipeleke niweke mikono."

"Haiwezekani, Mama."

"Kwa nini? Nitakuja siku ya mapumziko, wakubwa hawapo."

"Taa ile haichagui. Inaunguza kijidudu na inaunguza aliyekibeba. Inafaa kwa maji tu, kwa sababu maji hayaumii."

"Basi niletee hayo maji. Nimwogeshee."

Nilimweleza kwamba maji ya bomba la Stockholm ni safi kuliko maji yangu ya kwenye chombo, na kwamba shida haikuwa kwenye maji. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, kama watu wa nyumbani walivyonisikiliza kwenye simu. Kesho yake nilikwenda maabara, nikawasha taa, nikaketi mbele ya chombo. Baada ya muda bakteria wote mle ndani walikuwa wamekufa, na profesa aliyaona matokeo akanipigapiga begani. Niliingia chooni nikalia. Nilikuwa nimesoma miaka yote ile kumshinda adui yule, na nyumbani kwangu alikuwa ameketi mezani na mtu ninayempenda, nami sikuwa na cha kumfanya.

Tulirudi kliniki pamoja. Safari hii Mama alikataa kisanduku, akasema mkalimani wake ni mimi, na muuguzi akakubali baada ya kusitasita. Alikuwa mwanamke wa makamo, anavaa viatu vya mbao vinavyolia sakafuni. Alipoona viganja aliketi chini kwanza. Aliuliza vimetokana na nini. Nilimweleza habari ya neno lile, na hakucheka. Alisema wao wenyewe wana neno, *bärare*, mbebaji, na kuna wagonjwa wanaolisikia wakaenda nyumbani kujifungia.

Kisha alizungumza na Mama, akimtazama yeye na si mimi. Nami nilitafsiri nikilikwepa neno sugu kama mtu anayekwepa tope. Alisema mtu aliyebeba vijidudu vilivyozoea dawa anaweza kuishi na watu wake, kula nao, kuwakumbatia, kumshika mjukuu. Anawe vizuri, awe na taulo lake, aseme kila anapoingia hospitali. Pengine siku moja vitaondoka vyenyewe. Kinga kubwa ya mtu ni ngozi nzima. Ngozi ikiwa na kidonda, ndipo vijidudu vinapopata mahali pa kuzaana na mlango wa kutokea. Kwa hiyo sasa, kwa mikono hii, asimwogeshe mtoto mpaka ipone.

 Hilo la mwisho Mama aliliona usoni mwangu kabla sijalitafsiri.

"Kwa hiyo nilikuwa nafaa," alisema. "Nilipokuwa na sugu, nilikuwa nafaa."

"Ndiyo, Mama."

Muuguzi aliuliza amesema nini. Nikamwambia. Akazungumzia glavu za mpira, kwamba kwa dharura zinaweza kusaidia, na Mama alipoelewa alitikisa kichwa. "Oya, hapana. Glavu navaa nikisafisha vyoo vya ofisi. Mjukuu wangu si choo." Muuguzi hakuhitaji tafsiri.

Jiwe alilitupa mwenyewe. Tulianza kusubiri ngozi. Mimi ndiye niliyepika, nikaosha vyombo, nikamfungulia milango, na yeye akanikosoa kila nilipotia chumvi. Mtoto hakusubiri. Alizaliwa mapema kidogo, msichana, mzima, wakati viganja vya Mama vimeanza tu kufunga utando.

Binti na mtoto walipotoka hospitali tulikwenda Jakobsberg na beseni. Nililibeba mimi kwenye treni, na watu wakatupisha. Binti alitufungulia mlango. Alikuwa ameongea na muuguzi kwa simu, alijua kila kitu, hata habari ya jiwe. Alitazama bandeji za mama yake, akaingia jikoni kuchemsha maji. Hakuna aliyesema pole. Nadhani kila mmoja aliogopa akiianza hataimaliza.

Niliogesha mimi. Sijawahi kuzaa, na mikono yangu ilikuwa imezoea vioo na koleo ndogo za maabara. Mama aliketi kwenye kiti nyuma ya bega langu, mikono yake iliyofungwa juu ya magoti, akaniogeshea kwa mdomo. Weka mkono chini ya shingo. Si hivyo, utamtisha. Maji yaanzie miguuni. Nyuma ya masikio, hapo maziwa hujificha. Sasa mnyooshe, mguu huu na mkono ule. Mtoto alilia mwanzo hadi mwisho. Mama alianza kumwambia maneno yale ya bibi, ya Kirundi, kwa sauti ya chini, na mimi sikuyaelewa ila nilijua si yangu. Niligeuza uso wa mtoto ili amtazame anayesema.

Tuliendelea hivyo wiki nyingi, kila Jumamosi. Kwa saa ile moja nilijiona mwizi wa aina yangu, niliyeshika kitu cha mtu mbele ya macho yake. Mama hakuwahi kunionyesha wivu. Alinikosoa tu, na siku aliyoacha kunikosoa nilijua ameumia sana, nikakosea makusudi ili aseme neno.

Theluji ilipoanza kuyeyuka, asubuhi moja alikuja chumbani kwangu bila kubisha, akanyoosha viganja vyote viwili. Ngozi ilikuwa imefunga, ya waridi, laini kuliko yangu. Na chini ya vidole, mahali pale pale, ilikuwa imeanza kukaza. Alikuwa amerudi kazini kwa siku chache, na fagio lilikuwa limeshaanza kazi yake.

"Zinarudi," alisema.

"Ziache zirudi."

Jumamosi hiyo tuliweka beseni mezani kama kawaida. Mama alikunja mikono ya blauzi. Nilichukua jagi ili nimmwagie anawe. Binti alikuwa amesimama mlangoni, mtoto begani. Aliniangalia, akanikabidhi mtoto, akachukua jagi mkononi mwangu. Alimmwagia mama yake maji, taratibu, kama nilivyomwona mama mwenyewe akiwamwagia watu ukumbini, akimtazama usoni. Mama alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Alinawa muda mrefu sana.

"*Lite till?*" binti aliuliza. Niongeze?

"Ego. Ongeza."

Akaongeza mpaka jagi likaisha. Mama alijifuta kwa taulo lake, akapima maji ya beseni kwa kiwiko, akanyoosha viganja. Binti alimchukua mtoto kwangu na kumlaza juu ya sugu zile changa.